Telefone iliponyamaza, ndugu walidhani amekufa

Butembo. Asubuhi moja ya mwanzo wa mwezi wa kumi mwaka 2025, niliwasha mashine yangu ili nimalize habari ya saa sita na nusu. Badala ya kuona kazi niliyoiacha jana yake, nikaona kioo kizima kimefunikwa na maandishi ya Kifaransa: tarehe 14 ya mwezi huo, Windows 10 haitapata tena msaada. Chini kulikuwa na vifungo viwili, kimoja cha kunipa maelezo, kingine cha kunikumbusha baadaye. Nilibonyeza hicho cha pili haraka, kama mtu aliyeletewa barua ya deni mbele ya wageni.

Wasikilizaji wetu wanaoijua mashine yangu wanajua haina sura. Iliingia kupitia Kasindi, ikiwa imetumika Ulaya na mtu nisiyemjua. Vitufe vyake ni vya Kijerumani, herufi Z na Y zimebadilishana mahali, na bado mpaka leo nikiandika haraka naandika « zana » ikitoka « yana ». Lakini ndiyo iliyobeba habari za wahami miaka hii yote. Ndani yake nimekata sauti za watu wa Rutshuru, wa Masisi, wa Kanyabayonga. Sasa ilikuwa inaniambia kwamba siku zake zimefika.

Kumbe si mimi peke yangu. Juma lile, mtaani kwetu kila mwenye mashine alikuwa na maneno yake. Wa kwanza kunisimamisha alikuwa mama mwenye sekretariati karibu na soko, pale tunapoandikisha barua za kuomba kazi. Alikuwa amesikia kwamba saa sita za usiku wa tarehe 14 mashine zote zitazimika. Usiku huo alichapisha kwenye karatasi kila kitu cha wateja wake, mpaka mialiko ya harusi zilizokwisha kufungwa. Mwandishi wa shule moja aliniuliza kama pointi za wanafunzi zitafutika kabla ya buletini. Mtumishi mmoja wa Mungu alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama hayo si mambo ya kitabu cha Ufunuo. Nilimjibu kwamba sidhani, ila nikaona hakuridhika.

Na palipo woga, mfanyabiashara hakosekani. Kijana mmoja alianza kuzunguka na flashi mfukoni, akisema anarefusha maisha ya Windows kwa dola 20. Sikumfuatilia nikajua alichokuwa akiweka ndani ya mashine za watu. Ila naweza kusema hili: mashine mbili kati ya zile alizozigusa zilianza kufungua zenyewe kurasa za michezo ya pesa.

Basi nikafanya kazi yangu, nikasoma, nikauliza, nikarudi hewani kueleza. Nirudie hapa kwa waliokosa emisyo ile.

Windows 10 ilitoka tarehe 29 mwezi wa saba 2015. Wakati ule mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisema mbele ya watu kwamba hiyo itakuwa Windows ya mwisho, yaani itaendelea kurekebishwa tu bila kupewa namba mpya. Wengi walilishika neno hilo kama ahadi. Halafu tarehe 5 mwezi wa kumi 2021 ikatoka Windows 11, na hiyo ikaja na masharti. Inadai kipande kidogo cha ulinzi ndani ya mashine kinachoitwa TPM 2.0, kinachotunza funguo za siri, na kwa mashine zenye akili ya Intel inadai, karibu zote, zianzie kizazi cha 8, ambacho kilitoka 2017. Yangu ni ya kizazi cha 4. Haijaharibika, haina ugonjwa. Umri wake tu ndio umeifungia mlango.

Kwa hiyo tarehe 14 ilipofika, mashine hazikuzimika. Ile ya mama wa sekretariati iliwaka asubuhi kama kawaida, naye alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemchapisha zile karatasi zote. Kilichokoma ni dawa. Kila mwezi Microsoft ilikuwa ikituma marekebisho ya kuziba matundu ambayo wezi wa mitandao wanayagundua. Sasa kwa Windows 10 matundu yataendelea kugunduliwa, ila dawa haitumwi tena kwa kila mtu.

Nasema si kwa kila mtu kwa sababu iliachwa njia ya mwaka mmoja zaidi, mpaka tarehe 13 mwezi wa kumi 2026. Huko Marekani na Ulaya watu walikuwa wamepiga kelele sana. Vyama vinavyotetea wanunuzi vilisema ni dhambi kuzitupa mashine nzima zinazofanya kazi. Kwa nchi za Ulaya mwaka huo ukatolewa bure. Kwa wengine, ni kulipa dola 30, au kukubali kuhifadhi mipangilio ya mashine yako kwenye akaunti ya Microsoft, au kutumia pointi 1000 za zawadi zake. Nilipoyasoma haya hewani, mzee mmoja alipiga simu studio: « Muandishi, hiyo mashine yako si ilitokaka Ulaya? Basi uirudishe kwao, itatunzwa bure. » Tulicheka wote. Lakini dola 30 hapa kwetu ni kodi ya nyumba ya mwezi kwa familia nyingi za wahami. Na hiyo njia ya akaunti inataka mega, inataka mtu anayekumbuka neno lake la siri, inataka umeme usiokatika katikati.

Wengine wataniuliza: hatari hiyo ni ya kweli, au ni ya kutuuzia mashine mpya? Nilijiuliza pia, na bado sehemu ya moyo wangu inauliza. Lakini nakumbuka tarehe 12 mwezi wa tano 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry. Katika siku chache vilifunga zaidi ya mashine 200,000 katika nchi karibu 150, vikidai pesa ili kuzifungua. Hospitali nyingi za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ya tundu hilo ilikuwa imetolewa tangu mwezi wa tatu, ila mashine nyingi hazikuwa zimeipokea, na zile za Windows XP hazikuwa na haki ya kuipokea tena kwa kuwa msaada wake ulikuwa umekwisha tarehe 8 mwezi wa nne 2014. Sisi huku virusi vyetu havitoki mbali hivyo. Vinatoka kwenye flashi ya jirani. Lakini tundu ni lilelile.

Hasira ya watu juu ya mambo haya si mpya. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, walikuwa wamekiondoa kile kifungo cha kuanzia kilichokuwa kona ya chini kushoto tangu zamani. Namkumbuka mteja mmoja mahali tulipokuwa tukienda kutumia intaneti, mtu mzima, mwalimu, aliyemaliza kazi yake akakosa mahali pa kuizimia mashine. Alitafuta robo saa. Mwisho akainama, akang'oa waya ukutani, akasema « Umelala sasa » na akaenda zake. Mwaka uliofuata kifungo kilirudishwa, kwa sababu walimu wa namna hiyo walikuwa wengi duniani.

Lakini si mashine iliyonifanya nikae kuandika leo. Ni telefone, na kosa ambalo ni langu.

Kuna mama mmoja wa Kanyabayonga anayeishi hapa Butembo katika familia ya wenyeji. Jina lake sitaliandika. Vita vilipoingia Kanyabayonga, tarehe 28 mwezi wa sita 2024, alitoka na watoto watatu, godoro, na telefone ndogo ya vifungo. Zile ndogo zenye mfumo unaoitwa KaiOS. Sura yake ni ya telefone ya kawaida, lakini WhatsApp inaingia. Zilipendwa sana huku kwa sababu zinakaa na moto siku nyingi na bei yake ni ya chini.

Njiani, kadi ya SIM ilipotea. Alikuwa ameitoa ili aweke ya reso nyingine iliyokuwa ikishika kule, akaifunga kwenye ncha ya kikwembe, na ncha ikafunguka. Namba zote za ndugu zilikuwa ndani ya kadi hiyo. Hakusumbuka sana, maana WhatsApp iliendelea kufanya kazi na namba ile ya zamani, na kaka yake aliyekimbilia upande wa Lubero alikuwa humo humo, akimtumia sauti karibu kila jioni. Kwa watu wa hapa hiyo ni kawaida. Kadi imepotea, namba imekufa, lakini WhatsApp inaishi, na hakuna anayefikiria kwamba siku moja nayo itakwisha.

Mwanzo wa mwaka 2025 ikakwisha. Alinijia studio mwezi wa tatu, amefunga telefone katika kitambaa kama mtu aliyeleta yai.

« Muandishi, telefone iko na moto, iko na mega, » akasema. « Lakini WhatsApp imekataa. Kaka yangu alinifunga? »

Neno hilo lilinichoma. Kwa wasioelewa: kufungwa ni kule mtu anapoikataa namba yako isimfikie tena. Alikuwa amekaa majuma mengi akiamini kwamba kaka yake amemkataa kwa sababu ya maneno waliyokuwa nayo juu ya mbuzi. Nitafika kwenye mbuzi.

Niliichukua ile telefone, nikasoma yaliyoandikwa kwa Kifaransa. WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye KaiOS. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi nilikuwa nalijua jambo hilo. Habari ilitoka mwezi wa sita 2024: WhatsApp haitapatikana tena kwa wanaotaka kuiweka upya kwenye KaiOS, na wale walio nayo wataendelea mpaka mwanzo wa 2025 tu. Nilikuwa nimeisoma kwenye telefone yangu. Ilitoka siku zilezile Kanyabayonga ilipokuwa inatoka watu. Nilikuwa barabarani nikihesabu magodoro juu ya chukudu, nikijaribu kujua ni familia ngapi zimepita na ngapi zimelala kanisani. Niliisoma, nikasema moyoni kwamba haya ni mambo ya watu wa mjini wenye raha zao. Nikapitisha kidole.

Kati ya wale niliokuwa nikiwahesabu, wangapi walikuwa na telefone ya vifungo mfukoni? Yeye alikuwa mmojawapo. Pengine nilimhesabu.

Nilikuwa na zaidi ya nusu mwaka kusema sentensi moja hewani: ninyi wenye telefone za namna hii, andikeni namba za ndugu zenu kwenye karatasi. Ni sekunde kumi. Tunatangaza mbuzi waliopotea, tunatangaza mikutano ya vikoba, tunatangaza hata mechi zilizoahirishwa. Hilo sikulitangaza.

Muuzaji mmoja ninayemjua alikuwa bado akiziuza telefone hizo mwezi wa kumi na moja 2024, akiwaambia wateja kwamba « WhatsApp iko ndani ». Nilimuuliza kama alijua. Alisema alijua, ila mzigo ulikuwa umeshalipiwa forodha. Sikuwa na uso wa kumlaumu.

Fundi wetu wa telefone alijaribu siku mbili kuzitoa namba na sauti zilizobaki ndani ya ile WhatsApp. Hakuweza. Alirudisha telefone akisema vitu vyote vimo, ila mlango hauna ufunguo. Mama alimuuliza: « Vimo kabisa? Havikufutwa? » Fundi akasema anavyoona havikufutwa. Mama akaifunga tena kwenye kitambaa.

Basi tukarudi kwenye njia ya wazee. Jioni ile, baada ya matangazo ya vifo, nilisoma: mama fulani, wa mtaa fulani wa Kanyabayonga, mama ya mapacha, yuko Butembo, ni mzima, anamtafuta kaka yake upande wa Lubero, telefone yake iligoma, si yeye aliyegoma. Tulilirudia asubuhi, na jioni tena. Siku ya tatu, motari mmoja aliyekuwa akisikiliza redio akingojea abiria alilisikia, akalipeleka mpaka nyumba husika. Saa mbili baadaye studio ikapigiwa simu.

Mwanaume aliyekuwa upande wa pili hakuweza kusema mara moja. Nilisikia pumzi tu. Halafu: « Uko hakika ni muzima? »

Yeye naye alikuwa na hadithi yake. Kila jioni alikuwa akituma sauti, na kila jioni aliona ile alama moja ya kijivu. Kila mtu wa Kivu anaisoma alama hiyo kuliko anavyosoma gazeti. Alama mbili, ujumbe umefika. Alama moja siku moja, telefone haina moto. Alama moja juma zima, mtu yuko porini. Alama moja mwezi mzima, watu wanaanza kuangaliana. Kwao walikuwa wamefika kwenye kuangaliana. Shangazi mmoja alikuwa amekwisha kusema kwamba afadhali wafanye kilio bila mwili kuliko kukaa hivyo. Walikuwa wakingojea tu kahawa ya nyumbani ivunwe ili wapate pesa za kilio.

Mama aliposimuliwa hayo alipiga makofi mara moja, akaweka mkono mdomoni. « Kumbe banasema nilishakufa! » Halafu akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa msumbufu. Kila nikienda mahali walipo wahami naomba kuona telefone. Naomba na wewe unayesoma au unayesomewa haya ufanye hivyo sasa, kabla hujasahau. Kama ni telefone ya kioo, ya Android, ingia penye Paramètres, shuka mpaka chini kabisa palipoandikwa À propos du téléphone, utafute namba ya Android. Tangu tarehe 24 mwezi wa kumi 2023, WhatsApp inataka Android 5 au zaidi. Kama yako ni 4 na kitu, hiyo imeshapita. Kama ni 5 au 6, usiogope leo, lakini ujue uko mwishoni mwa mstari, kwa sababu kila miaka michache mstari unasogezwa. Ilikuwa hivyo pia mwezi wa kumi na moja 2021, zilipotolewa Android za chini ya 4.1.

Jambo la pili ni la SIM, na hilo naliona kubwa kuliko la Android. WhatsApp inafuata namba, haifuati telefone. Telefone ikifa, ukiwa bado na kadi yako, unaiweka kwenye telefone nyingine yoyote, hata ya kuazima, unapokea zile tarakimu 6, na watu wako wanakupata kwenye namba ileile. Ukiwa huna kadi, kama mama yule, umefungiwa nje. Kwa hiyo kama WhatsApp yako inaishi kwa namba ya kadi iliyokufa, ibadilishe namba sasa wakati bado inafunguka. Na zile tarakimu 6 usimpe mtu, hata akisema anatoka kwenye shirika linalogawa misaada. Kuna familia katika kartiye yetu zilizoibiwa akaunti hivyo, mwizi akaanza kuomba pesa kwa ndugu kwa jina lao. Kuhusu zile WhatsApp za kupakuliwa vichochoroni, zenye rangi na mapambo, mnazozipenda vijana: akaunti inaweza kufungwa na wenye WhatsApp wakati wowote. Sitasema zaidi maana najua hamtanisikia.

Halafu karatasi. Kalamu na karatasi, namba tano, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya mpiga kura. Mtoto mkubwa azijue kwa kichwa.

Narudi kwenye mashine yangu, kwa sababu kuna walioniuliza nilifanya nini mwishowe, na hadithi hiyo hainipendezi.

Kuna mwanafunzi mmoja wa chuo hapa, kijana mtulivu, aliyenishauri niiache Windows kabisa na kuweka Linux. Aliniambia ni bure, haina haja ya dola 30 za mtu, na haiulizi mashine yako ina miaka mingapi ili ikudharau. Nilidhani ni jambo la wataalamu. Akaniambia telefone yangu ya Android yenyewe moyo wake ni Linux, na kwamba ilianzishwa 1991 na mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds. Kuna za aina nyingi. Moja maarufu inaitwa Ubuntu, ilitoka 2004 ikianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na sisi tunaosema omundu na abandu hatuhitaji mkalimani wa jina hilo. Yeye alinichagulia ile inayoitwa Mint, nyepesi, kwa ajili ya mashine yenye kumbukumbu ya giga 4 kama yangu.

Alikuja Jumamosi na flashi. Kabla ya kuanza aliniuliza: « Yaya, umekopi vyote? Hii itafuta kila kitu. » Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema ndiyo, huku nikijibu ujumbe wa mtu. Akauliza mara ya tatu, akasubiri niinue macho. Nikainua macho, nikasema ndiyo, tuanze, umeme utakatika.

Nilikuwa nimekopi habari zote zilizoandikwa, picha, mpaka mahesabu ya mafuta ya jenereta. Sauti ambazo hazijakatwa, zile ndefu, nilikuwa naziweka kwenye folda moja juu ya meza ya kioo, kwa sababu ya uvivu, ili nizione haraka. Hiyo folda sikuikopi. Iligunduliwa kesho yake. Watu kumi na nne walikuwa wamezungumza ndani yake, wengine saa nzima, juu ya njia waliyopita kutoka Rutshuru, majina ya vijiji, majina ya waliobaki. Mimi nilikuwa nimetumia dakika mbili mbili tu za kila mmoja hewani. Kilichobaki duniani cha sauti hizo ni zile dakika mbili mbili.

Kijana hakuniambia kitu. Ingekuwa afadhali angeniambia.

Nimewarudia tisa. Wawili wamekubali kuzungumza tena. Mzee mmoja alisema hapana, kwa adabu sana: alisema yale ameshayatoa mara moja, hawezi kuyatafuta tena. Wengine wamehama, sijui wako wapi, na namba zao zinanipa alama moja.

Mashine yenyewe, niseme ukweli, inakwenda vizuri. Audacity ninayokatia sauti iko hata kwenye Linux, ni ileile, vitufe vilevile. Barua za Word zinafunguka kwenye LibreOffice, ila mpangilio unahama kidogo, kichwa cha barua kinashuka mahali pake kama kofia iliyokuwa kubwa. Juma la kwanza nilikasirika kila saa. Nilitafuta vitu kushoto vikawa kulia. Nilimpigia kijana simu mara sita kwa siku moja, na moja ya hizo ilikuwa kwa sababu sikuona jinsi ya kuizima. Nilimkumbuka yule mwalimu na waya wake. Mama wa sekretariati alikuja kuiangalia, akaizunguka, akaniuliza kama inachapisha. Nikamwonyesha. Alisema atafikiri, na bado anatumia Windows 10, na kila Ijumaa anakopi kazi za wateja kwenye flashi mbili. Kwa hilo amenizidi akili.

Sasa wale mbuzi. Kabla ya telefone kunyamaza, kaka alikuwa amemtumia mama sauti moja ndefu akimweleza mbuzi wa familia aliowaacha kwa watu njiani: yuko nani kwa nani, na wapi. Mama anakumbuka alisikia mbuzi saba, wanne wakiwa wake. Walipopatana tena kwa telefone ya kuazima, kaka alitaja mbuzi sita, watatu wakiwa wake. Mama akasema walikuwa wanne. Kaka akasema dada, ulisikia vibaya, mambo yalikuwa mengi. Yeye naye telefone yake ilijaa, akafuta sauti za zamani ili apate nafasi.

Wanapendana, hawajagombana. Lakini kila jioni mama anapochaji telefone ya familia inayompokea, anachaji na ile ndogo ya vifungo, ingawa haina kazi tena. Juzi aliniuliza kama kuna siku WhatsApp itarudi humo hata kwa dakika tano. Nikamwambia sidhani. Akaniambia basi ataendelea kuitunza na moto, maana fundi alisema vimo, na mbuzi wa nne yumo.